Bwawa Lililojaa Kabla ya Mvua

Watu wa Saza wakimtaja mzee Mabula siku hizi wanataja kosa lake tu, na mimi hukasirika. Mtu ameishi miaka yote ile, amefuga, ameoa, amelea, amezika, halafu maisha yake yote yanakunjwa yanakuwa alasiri moja! Mimi nimempikia mzee yule tangu alipoanza kazi mtamboni mpaka alipofumba macho, kwa hiyo nitaeleza ninavyojua. Asiyetaka kusikia na aendelee na shughuli zake.

Jina langu ni Yunisi, mama Anania, mzaliwa wa Iyula. Kwetu ni kahawa na mahindi. Mvua ikichelewa tunanuna, lakini maji ya kunywa hatukosi. Nilishuka Saza kuwafuata wachimba dhahabu kwa sababu wanakula sana na kupika hawawezi. Genge langu lilikuwa nje ya geti la mtambo wa kuchenjulia dhahabu, mtambo wa mtu binafsi ambao sitautaja jina. Hapo ndipo nilipomkuta Mabula, ndiyo kwanza anaanza kazi, Msukuma mrefu, mwembamba, mwenye fimbo begani hata mahali pasipo na mbuzi wa kuswaga. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Mzee wangu, hiyo fimbo unachungia nini humo ndani?"

Akanijibu bila kucheka, "Nachunga maji, mayu."

Mayu kwao ni mama. Alivyokuwa mkubwa kwangu vile, kuitwa mama kulinichekesha, na tangu siku hiyo tukawa watani.

Na kweli, alichunga maji. Mtambo ule ulikuwa na mitaro miwili. Mtaro wa juu ulizunguka kiwanja chote ukipokea mvua iliyoshuka mlimani, maji safi, ukayapeleka kwenye korongo la upande wa pili bila kuyaacha yapite ndani. Mtaro wa chini ulikusanya uchafu: maji ya kuoshea sakafu, mashine na magari, pamoja na mvua iliyoanguka kiwanjani ikachanganyika na mawe yaliyosagwa na ile dawa kali ya kutolea dhahabu. Haya yaliingia kwenye bwawa lililotandikwa nailoni nyeusi, na pampu ikayarudisha mtamboni yatumike tena. Nyuma ya tuta la bwawa kulikuwa na korongo jingine, na korongo hilo linashuka hadi kwenye lambo wanakonyweshea wafugaji. Kazi ya Mabula ilikuwa kufukua mitaro, kuwasha pampu, na kuhakikisha maji ya bwawani hayatoki nje.

Kwa nini mfugaji akaishia kufukua mitaro? Hilo nalo watu hawaulizi.

Alizaliwa Meatu, nchi ambayo, kwa maelezo yake, mtoto hufundishwa kuogopa jua kabla hajafundishwa kuogopa nyoka. Mito ya kwao hukauka ikabaki mchanga mtupu. Baba yake alikuwa akichimba mchanga huo mpaka anazama mwili wote, wengine wanapokea maji juu kwa kata, kidogo kidogo, na ng'ombe wanasubiri zamu. Mwaka mmoja jirani alilifungulia lambo lake maji yatoke ili aondoe tope na kulichimba upya, mvua zikachelewa, na boma lake zima likahama kwa aibu. Mabula alikuwa mdogo lakini alilikumbuka jina la yule jirani hadi uzeeni, na alilitaja kwa sauti ya chini, namna mtu anavyomtaja mwizi.

Akahama na mifugo kufuata majani. Akakaa Usangu, wafugaji wakaondolewa. Akaja bonde la Songwe na mke wake na mwanawe Makene, ng'ombe wengi, mbwa, sufuria na vigodoro juu ya punda. Mke alifariki huku. Kisha ukaja ukame ambao wafugaji wa Saza bado wanausimulia wakiwa wamekunja uso, na kundi la Mabula likaisha ng'ombe mmoja mmoja mbele ya macho yake. Waliobaki wakawa wachache wa Makene.

Ndipo mzee akaja kugonga geti la mtambo kuomba kazi. Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, na alilisema waziwazi kwa yeyote aliyekaa naye kwenye benchi langu: afe akiwa na ng'ombe, ndani ya boma la mwanawe. Kila alichopata kiligeuka mtamba. Viatu hakununua, pombe hakugusa. Jumapili alishuka kwa Makene kuwatazama ng'ombe wake, na Jumatatu alikuja kunieleza yupi ana mimba na yupi mkorofi, mpaka nikawajua kwa majina kana kwamba ni watoto wa jirani. Nyanzobe, mke wa Makene, alimtumia kibuyu cha maziwa mgando. Mkwe na baba mkwe kwao hawaongei ovyo; aliyeleta kibuyu alikipitisha kwangu, na mzee alikinywa akiwa amenipa mgongo, akifurahi kimyakimya.

Sasa nifike kwenye bwawa.

Afisa mazingira wa mtambo alikuwa binti mmoja anaitwa Judith, mwenyeji wa Hasamba. Wapo wanaosema binti huyu hakueleza vizuri. Waongo. Nilikuwepo, nilikuwa nimewapelekea uji. Kiangazi kilikuwa kimekomaa, akasimama kwenye tuta na Mabula, akamwamkia shikamoo, akamwonyesha mti uliochomekwa bwawani wenye alama nyekundu.

"Mzee wangu, kabla mvua za kwanza hazijaanza, maji yawe chini ya hii alama. Washa pampu kila siku, mtambo utumie haya, usitumie ya kisima. Bwawa likiwa tupu, mvua kubwa ikija tunayo nafasi ya kuipokea. Likiwa limejaa, mvua itayasukuma yote nje."

"Ndiyo, mama," Mabula akasema, na akavua kofia.

"Tumeelewana, baba?"

"Tumeelewana sana."

Na pampu akaiwasha palepale. Binti akaondoka na roho yake nyeupe. Mabula akaja gengeni kula, akauacha ugali mpaka ukapoa.

"Mbona hivyo, mzee? Umefiwa?" nikamtania.

"Huyu binti ni mwema," akasema. "Ila hajawahi kuona kiu. Kiangazi hiki hiki, anasema nimalize maji. Kisima kinapungua kila wiki, mayu. Kikikauka, mtambo utasagia nini? Mate?"

"Si amesema mvua itajaza?"

"Mvua ilimwambia kwamba inakuja?"

Nilicheka. Alikuwa na ulimi mzuri akitaka. Nikamwambia yule ni msomi wa mambo hayo, na yale maji yenyewe ni sumu, ng'ombe hawezi kuyanywa. Akatikisa kichwa, akasema maji ni maji, mabaya yana kazi yake na mazuri yana kazi yake, lakini hakuna mtu mwenye akili anayeukabili mwisho wa kiangazi na bwawa tupu. Kumpinga bosi usoni hakuweza, kwao ni utovu wa adabu. Kutii nako hakuweza. Basi ikawa Judith akija, pampu inanguruma. Judith akienda Mbeya kwenye vikao, pampu inanyamaza, mtambo unavuta maji ya kisima yaliyobaki, na bwawa linakaa limejaa hadi karibu na ukingo.

Jioni alisimama kwenye tuta akiliangalia. Sijui kama mtu ambaye hajazaliwa Meatu anaweza kuelewa. Lile bwawa jeusi linalonuka, yeye aliliona akiba. Alifurahi kabisa, Mungu amsamehe. Nilimsikia akilipigia mluzi ule wanaowapigia ng'ombe wanapokunywa.

Na hakuwa mvivu, hilo nalo liandikwe. Mtaro wa chini aliufukua ukawa safi kuliko ua wangu. Hakuacha jani, hakuacha tope. Maji yoyote ya kiwanjani yangefika bwawani bila kukwama popote, na hiyo ndiyo iliyomaliza mambo.

Mvua ya kwanza ilipiga mchana. Haikuwa na manyunyu ya kutangulia. Radi, upepo, halafu maji kama yamemwagwa kwa ndoo. Bati la genge langu liliruka nikalikimbilia hadi getini. Kutoka pale niliona mtaro wa chini umejaa, maji ya kijivu yanakimbilia bwawani. Mabula alikuwa juu ya tuta na viroba vya mchanga, anapanga, kimoja kinasombwa, anapanga kingine. Osward, msimamizi wa zamu, alikuwa anapiga kelele watu waje kusaidia, nao wakaja, lakini mahali pa kuzuia palikuwa pamekwisha. Maji yalivuka ukingo mzima kwa pamoja, taratibu, yakashuka korongoni.

Mvua ilivyokuja ghafla ndivyo ilivyokata. Kukawa na jua. Mabula alibaki amesimama, matope hadi kifuani, kiroba mkononi.

"Korongo linakwenda lamboni," akasema.

"Mvua imeyachanganya, mzee, sumu imepungua nguvu," Osward akamjibu. Mvua yenyewe ilikuwa ya kwetu mlimani tu; kule chini lambo lilikuwa limebaki kidimbwi cha matope, na maji yaliyokwenda kulijaza yalikuwa yale ya bwawa letu. Mabula alijua. Alichukua simu yake, akampigia Makene, haikupatikana; mnara wa Saza huzimika kila radi ikipiga. Akaanza kushuka kwa miguu, anateleza, anaamka.

Kabla hajafika nusu ya njia, vijana wa bodaboda walikuja wakipiga honi: radi imeua ng'ombe wa Makene lamboni, nyama ipo, watu wawahi.

Nisiseme uongo, nami niliwahi. Nilichukua beseni, nikapanda bodaboda. Mama lishe akisikia nyama hakai. Nilipofika, watu walikuwa wengi, wana visu na masufuria. Ng'ombe walikuwa wamelala ukingoni, wengine midomo bado majini, kana kwamba wamechoka. Waliokuwa bado wanatupa miguu Makene alikuwa anawashika pembe, na Ayoub mwenye bucha anawachinja haraka, kila mtu apate kula. Kwa mfugaji, ng'ombe anayekufa anawahiwa kisu. Kumwacha afe hivihivi ni hasara mara mbili. Makene alikuwa analia huku anafanya kazi. Machozi yanashuka na mikono haisimami. Nyanzobe alikuwa amekaa chini, kanga kichwani, anawataja ng'ombe kwa majina.

Osward naye alikuwa amefika na gari la mtambo. Alimkuta Mabula anashuka mteremko wa mwisho, akamshika mkono karibu na nilipokuwa nimesimama, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, watu wamesema radi. Acha iwe radi. Kazi yako ipo, na mwanao hatakuwa na ugomvi na mtu. Radi ni ya Mungu."

Mabula aliangalia lambo. Aliangalia zile sufuria. Mama mmoja alikuwa ameshaweka kipande cha ini juu ya mafiga, mtoto mgongoni. Ningemwelewa kama angenyamaza. Nasema kweli, ningemwelewa kabisa.

Alijinasua mkononi mwa Osward. Kitu cha kwanza alichofanya alikuja kwangu, akanipokonya beseni, akaimwaga nyama niliyokuwa nimeshapata. Kisha akaenda kwenye mafiga akayapiga teke. Mzee ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti alipaza sauti mpaka mishipa ikasimama.

"Msile! Hii si radi! Ni maji ya bwawa! Nimeyaacha mimi!"

Watu walisimama. Ayoub akatupa kisu chini, akaanza kusugua mikono kwa mchanga. Makene aliinuka polepole.

"Baba, unasema nini?"

"Ni bwawa langu, ng'wanawane. Limefurika."

Ng'wanawane ni mwanangu. Aliinyoosha mikono yake mbele, sijui kwa nini, kana kwamba maji yapo viganjani.

"Waliokuajiri hawakukwambia ulipunguze?"

"Waliniambia."

"Ukaacha?"

"Kilikuwa kiangazi. Nani anamwaga maji kiangazi? Wewe ungemwaga?"

Makene alikuwa amezaliwa juu ya njia za kuhama, mtoto wa mtu yuleyule. Nadhani alilijua jibu, na ndiyo maana liliuma zaidi. Alisema tu, "Hawa ndio waliokuwa wamebaki, baba," akachukua fimbo yake, akapita kando ya baba yake bila kumgusa.

Nyama yote ilichomwa jioni ile kwa mafuta ya dizeli. Waliokuwa wameshabeba walifuatwa majumbani. Hakuna aliyekufa Saza kwa kula ile nyama, na kwa kuwa hakuna aliyekufa, hakuna aliyekumbuka kumshukuru. Walikumbuka bwawa. Baadaye vikao vilikaa, wakaguzi wakaja, mtambo ukafungwa kwa muda, tuta likainuliwa. Judith aliulizwa maswali mpaka akakonda. Alipokuja kumuaga Mabula alisema, "Baba, ungeniambia tu kwamba hukubali. Tungebishana." Mzee akamwambia, "Sikujua kwamba inaruhusiwa." Binti akalia mbele yake, nami nikaingia jikoni.

Makene alihama na familia yake kwenda bonde la Momba kulima mpunga wa kukodi. Hakupita kuaga. Nyanzobe ndiye aliyekuja, kibuyu mkononi, akakiweka kwenye meza yangu. Maziwa hayakuwepo tena. Alikuwa ametia uji. Hakuweza kumwangalia baba mkwe, akaniambia mimi, "Mama Anania, ugali wake uwe mgumu. Mlaini haumshibishi." Niliitikia. Mabula alikuwa amekaa hatua chache tu, amegeukia ukuta.

Biashara ya Saza ilipokufa nilihamia Tunduma, nikapata kibanda karibu na maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka. Madereva nao wanakula. Mabula nilikuja naye. Ningemwacha na nani? Nilimwombea kazi ya kulinda maegesho mchana. Wazambia walimwita shikulu, yaani babu kwa Kibemba, na alipenda. Lakini ile mizaha yetu ilikwisha. Ningemtania, angetabasamu kwa adabu, basi. Mvua ikianza alikuwa anatoka kibandani na kusimama nje ilowe kofia, nikimfokea arudi ndani anasema, "Acha, mayu." Alimpigia Makene simu mara nyingi mwanzoni. Ikawa anapiga kwa kuruka wiki. Kisha akawa anaishika tu ile simu, anaifuta vumbi kwa shati, anairudisha mfukoni.

Kifua kilimwanza kipupwe kilichopita. Hospitali tulikwenda, dawa akapewa, nafuu ikaja ikaondoka. Nilipoona hali inabadilika nilianza kumpigia Makene mwenyewe. Inaita, haipokelewi. Asubuhi inaita, jioni inaita. Nilimlaani yule kijana kwa maneno ambayo Yonathani, mzee wa kanisa letu, angenitenga kama angeyasikia. Niliwaza: ng'ombe wamekufa, sawa, lakini baba ni ng'ombe?

Mabula alifariki mchana, madereva wakiwa wanakula. Siku za mwisho alikuwa akiniuliza kama huko Momba mvua imenyesha, nami nilimwambia imenyesha vizuri, bila kujua. Nilituma ujumbe wa msiba kwenye simu ya Nyanzobe, tukasubiri usiku ule na kesho yake asubuhi. Jibu halikuja. Yonathani na wenzake wakasema tusimweke zaidi. Tulimzika kwenye makaburi ya mjini, tumemfunga shuka langu jeupe, sisi Wanyiha na Wanamwanga na madereva wawili watatu, hakuna hata mmoja wa damu yake.

Jua lilikuwa linashuka tunatoka makaburini, pikipiki ikasimama, imechafuka matope hadi kwenye usukani. Alikuwa Makene. Amezeeka. Nyuma amefunga mzigo kwa kamba za mpira, na nzi walikuwa wameufuata mzigo huo. Nilikuwa nimeweka maneno yangu tayari, mengi, makali.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Umechelewa," nikamwambia, na shikamoo yake sikuiitikia.

Aliufungua ule mzigo. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe, mbichi, bado na damu. Akanieleza kwamba kwao mzee wa boma hazikwi kwa shuka. Anafunikwa ngozi ya ng'ombe wa nyumbani kwake, ndipo ajulikane huko aendako kwamba alikuwa mtu mwenye mji. Alipousoma ujumbe alichinja kwanza ndipo akaondoka, na barabara ya Kamsamba ilikuwa haipitiki.

Nilimpeleka kaburini. Akakaa chini kando ya udongo, ngozi magotini. Hakulia. Nikakaa naye, kwa sababu zile hasira zangu sikujua tena niziweke wapi.

"Simu zako niliziona, mama," akasema. "Na zake zote niliziona. Sikuwa nimemchukia. Nilisema nisiongee naye mikono mitupu. Nianze upya kwanza, nipate ng'ombe, ndipo nimwite aje akae bomani."

"Ukawapata?"

Aliishika ile ngozi kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nimempata huyu," akasema.